Bunduki yangu haitaki chemba mpya, inataka risasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzetu aliyeandika hivi karibuni kuwashauri wenye bunduki za kaliba (saizi ya risasi) za zamani wazipeleke kwa fundi "zipanuliwe kidogo" chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inamokaa, ili ziweze kutumia risasi zinazopatikana madukani. Sina shaka aliandika kwa nia njema. Lakini ushauri wenyewe ni wa hatari kwa bunduki na kwa mwenye kuishika, na kwa sisi wenye kaliba fulani fulani hautekelezeki hata fundi awe bingwa namna gani. Mimi ni mmoja wa hao wenye bunduki za zamani, na jambo hili nimelihangaikia kiasi cha kutosha kulisemea.

Nalima ng'ambo ya Busisi, wilayani Sengerema: mahindi, viazi vitamu na mihogo kidogo. Shamba langu la juu limepakana na miamba. Wageni wakija Mwanza hupiga picha Jiwe la Bismarck wakafurahi. Sisi wakulima miamba tunaitazama kwa jicho lingine, maana humo ndimo wanamolala ngedere. Hindi likianza kutia maziwa, kundi hushuka alfajiri umande ungali majanini. Laiti wangekuwa wanakula wakashiba! Ngedere huvunja hindi, akaling'ata mara mbili, akalitupa, akavunja jingine, na mwenzake nyuma yake hivyo hivyo. Ukifika shambani saa moja asubuhi unakuta mahindi mabichi yametapakaa kwenye matuta, na yule dume lao kubwa limekaa juu ya jiwe, mita tisini au mia kutoka ulipo, linakutazama tu. Halina haraka. Linajua manati haifiki.

Najua wapo watakaosema ngedere naye ni mnyamapori na ana sheria yake. Ni kweli, ndiyo maana sifyatui risasi kabla sijatoa taarifa kwa afisa wanyamapori wa halmashauri na kupewa ruhusa. Mbwa, madebe, vinyago vya matambara, kulinda kwa zamu, vyote hivyo hutangulia. Msimu wa hindi bichi watoto wa majirani zangu hukosa masomo kwa sababu wamekaa shambani kulinda, na hilo huniuma kuliko gunia la mahindi lenyewe. Bunduki huja mwisho. Ukimwondoa mmoja, yule mkubwa, kundi huhama kwa majuma.

Bunduki yenyewe ni BRNO, modeli ZKW 465, iliyotengenezwa Czechoslovakia ya wakati ule. Baba yangu alikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kuchambulia pamba, enzi pamba ikiitwa dhahabu nyeupe, akainunua kihalali kwa meneja Mgiriki aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Baba alipofariki ilikaa polisi mpaka mambo ya mirathi yalipokwisha na mimi nikapata leseni yangu mwenyewe. Mwaka 2016, kwenye uhakiki wa silaha, nilipanga foleni nayo kama wengine. Naeleza haya ili asije mtu akadhani nazungumzia kitu cha kufichwa darini.

Ni kabunduki kadogo, kilo tatu hivi na darubini yake. Kana triga mbili: unavuta ya nyuma kwanza, kisha ile ya mbele inakuwa nyepesi kiasi kwamba ukiigusa tu imefyatuka. Magazini yake inachukua risasi tano na inachomoka kwa chini. Bolti yake, kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma, ni ya mtindo wa Mauser, ila imepunguzwa ikawa saizi ya risasi ndogo, na ukiivuta inateleza bila kukwaruza popote, miaka yote hii. Kwenye mita mia inapiga unapolenga. Sijaona kosa lake.

Kaliba yake ni .22 Hornet, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Ukiingia duka la silaha ukasema tu "ishirini na mbili", muuzaji atakuwekea kaunta zile ndogo za .22 Long Rifle ambazo watu hupigia kanga na kwale. Ukisema hapana, nataka yenye nguvu zaidi, atakuletea .22 Magnum. Ukikataa tena, atakuletea .223, iliyo ndefu kama kidole. Vichwa vya risasi zote hizo vina upana karibu sawa, milimita 5.7 hivi, na ndiyo maana watu huchanganyikiwa. Lakini watu wawili wanaovaa viatu namba moja si lazima waingie kwenye suruali moja. Kinachoingia ndani ya chemba si kichwa cha risasi peke yake, ni ganda zima, na maganda hayo hayafanani hata kidogo.

Long Rifle na Magnum fataki yake, ile inayowasha baruti, imo pembeni, ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na pini ya bunduki hugonga ukingoni. Hornet fataki yake iko katikati ya kitako. Kwa hiyo Magnum ukiitumbukiza kwenye bunduki yangu, kwanza itacheza ndani kwa kuwa chemba ni pana kuliko ganda lake, halafu pini itagonga katikati pasipo na kitu. Hakuna kitakacholia. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba "zinaingiliana hizo, mzee". Zinaingia, ndiyo. Kuingiliana ni jambo jingine.

Nguvu nazo ziko mbali mbali. Long Rifle inapotoka mtutuni ina kama jouli 190 (jouli ndicho kipimo cha nguvu hiyo). Hornet yenye kichwa cha gramu 2.9 hutoka kwa mwendo wa mita 820 hivi kwa sekunde, ikiwa na karibu jouli 1,000. Ile .223 inafika jouli 1,700 na kuendelea. Hornet hutumia baruti kama gramu 0.7 tu, chini ya nusu ya ile inayopakiwa kwenye .223. Ndiyo maana mlio wake hauamshi kijiji kizima, na ndiyo maana mimi naipenda kwa shamba la huku kwetu, ambako nyumba, njia za ng'ombe na wachota maji haviko mbali. Kichwa chake ni chepesi, chenye ncha laini, kikigonga udongo au jiwe kwa mwendo ule husambaratika upesi kuliko kile kizito. Sisemi kwamba ni salama kuipiga ovyo. Bado unatakiwa ujue nyuma ya unachokilenga kuna nini.

Wengine wananiambia, mzee, uza hiyo, nunua shotigani. Shotigani ninaiheshimu. Lakini marisau yakishapita mita arobaini yametawanyika na kuishiwa nguvu, na lile dume liko juu ya jiwe mita mia. Utamjeruhi mnyama akafie porini, au hutampata kabisa, na umetoboa majani ya mgomba wa jirani.

Sasa nirudi kwenye hoja ya kupanua chemba. Msomaji wetu ataweza kunijibu kwamba hata hiyo Hornet ilizaliwa kwa kupanua chemba, na hatakosea. Miaka ya 1920 kule Springfield, Massachusetts, kwenye karakana ya silaha za jeshi la Marekani, wataalamu kadhaa, akiwemo Kanali Townsend Whelen, walichukua bunduki za mazoezi za .22 Long Rifle wakakereza chemba zake ziingie ganda la .22 WCF, ganda la enzi za baruti nyeusi la mwaka 1885 ambalo lilikuwa limeanza kusahaulika. Wakalijaza baruti ya kisasa na kichwa chepesi, mwendo ukapanda sana. Mwaka 1930 kampuni ya Winchester ikaanza kuuza risasi hizo kabla hata haijatoa bunduki ya kiwandani ya kuzipigia. Wenye hamu ndio waliokuwa wakikerezesha bunduki zao kwa mafundi.

Ila angalieni walichokifanya. Hawakutoboa tundu wakaenda nyumbani. Bunduki ile ilikuwa inagonga fataki ya pembeni, kwa hiyo ilibidi bolti nayo ibadilishwe igonge katikati. Nao walianza na bunduki iliyojengwa juu ya chuma kinene kuliko risasi yake ilivyohitaji, wakaongeza nguvu kwa kipimo, wakiwa na vifaa vya kupimia. Bunduki yangu mimi imejengwa kwa saizi ya Hornet kamili. Hakuna nafasi iliyobaki ya kuongeza.

Jambo hili nililiona kwa macho pale mjini. Siku hizi safari si kazi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile foleni za kivuko zimekwisha, unavuka kilomita 3 za maji ukiwa umekaa kwenye basi. Nilibeba bunduki kwenye mfuko wake, bolti nimeichomoa, leseni mfukoni, nikaenda kwenye duka lenye fundi aliyesajiliwa. Silitaji jina kwa sababu sina ugomvi nalo. Fundi ni kijana mwenye adabu, mikono yake inajua chuma. Akaitazama akasema:

"Shikamoo mzee. Hii kazi ya nusu saa. Tunapitisha chuma cha kukerezea, tunapanua chemba, unaondoka unapiga two-two-three. Hizo zipo tele."

"Marahaba, kijana wangu. Hebu nipe kwanza ganda tupu la hiyo two-two-three."

Akanipa. Nikatoa bolti mfukoni, nikageuza uso wake juu ili auone. Uso wa bolti ya Hornet una kisahani kidogo ambamo kitako cha ganda hukaa, na pembeni yake kile kikucha kinacholing'ata ganda na kulivuta nje. Ukingo wa ganda la Hornet una upana wa milimita 8.9. Kitako cha .223 ni milimita 9.6. Nikamwambia aliweke. Akaliweka, likakaa juu juu kama kifuniko kisicho cha sufuria yake, halikushuka. Akalizungusha, akajaribu upande wa kikucha, wapi. Kikucha kilikuwa kinafunga hewa.

Akacheka kidogo. "Basi mzee, tutakereza na bolti."

Nikamwonyesha magazini. Risasi nzima ya Hornet haizidi milimita 44. Ile .223 ni milimita 57. Ilikuwa imechungulia nje ya magazini zaidi ya sentimita nzima. "Na hii utaikereza?" nikamuuliza. Hapo akaita mwenzake, wakajadiliana: magazini ichomelewe nyingine, tundu la chini lirefushwe, kikucha kifinyangwe upya. Mimi nikawa nahesabu kimya kimya ni chuma gani kitabaki cha asili. Ukipanua kile kisahani cha bolti, ule ukuta mwembamba unaokizunguka unazidi kuwa mwembamba, na huko nyuma ndiko liliko jicho langu. Shinikizo la .223 ndani ya chemba ni kubwa kuliko la Hornet, na linasukuma kitako kipana zaidi, kwa hiyo mzigo unaoishukia bolti unaongezeka kwa njia mbili: kwa nguvu na kwa eneo. Kijana alinyamaza nilipomweleza hivyo, kisha akakiri kwamba yeye alikuwa anafikiria mtutu tu. Wengi hufikiria mtutu tu.

Wenyewe waliotengeneza bunduki hii walilijua hilo. Walipotaka bunduki ndogo ya .222, risasi iliyotolewa na Remington mwaka 1950, na baadaye .223, hawakuchukua ya Hornet wakaitoboa. Walitengeneza bolti ya saizi hiyo na magazini ya urefu huo. Ile bunduki yao ya CZ 527 waliyoiuza kwa miaka mingi ilikuwa hivyo: ya Hornet mbali, ya .223 mbali.

Kuna njia nyingine za kukereza ambazo kwa chuma hazina ubaya, nami nilizipima. Ya kwanza inaitwa K-Hornet, aliyoibuni Mmarekani Lysle Kilbourn karibu mwaka 1940. Hapo unaondoa chuma kidogo sana, mabega ya chemba yanakuwa makali zaidi, na uzuri wake ni kwamba risasi ya kawaida ya Hornet bado inaingia na kupigika. Ganda linatoka limejitanua likachukua umbo jipya. Lakini faida ya umbo jipya utaipata ukilijaza tena ganda hilo nyumbani, kwa baruti na fataki na vyombo vya kushindilia. Wamarekani hufanya hivyo mezani jikoni. Sisi huku mkulima hauziwi baruti kwa kupimiwa kama sukari. Kwa hiyo utakuwa umelipa fundi ili uendelee kutafuta risasi ile ile ya Hornet uliyoikosa tangu mwanzo.

Nyingine ni .218 Bee ya Winchester ya miaka ya 1930. Ukingo wa ganda lake ni mpana zaidi, bolti nayo ibadilishwe, na ukishamaliza utakuwa na kaliba ambayo hata Marekani kwenyewe wanaitafuta kwa tochi. Kuna .17 Hornet ya kampuni ya Hornady ya mwaka 2012, ambayo ni ganda la Hornet lililofinywa shingo; risasi nzuri, ina mwendo wa ajabu, lakini inataka mtutu mpya, na muuzaji ambaye hana Hornet ya kawaida usitegemee awe na hiyo. Wapo pia wanaouza vichemba vidogo vya kuingiza ndani ili upige Long Rifle. Sitaki hata kulijadili hilo, maana Long Rifle ingenitosha nisingekuwa naandika barua hii.

Na juu ya yote kuna leseni. Leseni yangu imeandika aina ya bunduki, namba yake na kaliba yake. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na polisi wanaitekeleza kwa makini, kama inavyostahili. Bunduki iliyokerezwa ikawa .223 huku karatasi inasema Hornet si bunduki iliyoandikwa kwenye karatasi. Siku ya uhakiki utamwambia nini ofisa? Kwamba fundi alisema ni kazi ya nusu saa? Msomaji wetu hili hakuligusa kabisa, na mimi naona ndilo angeanza nalo.

Sasa, je, Hornet imekufa? Haijafa. Sellier & Bellot, kiwanda cha Wacheki kilichoanza mwaka 1825, wanaitengeneza mpaka leo. Prvi Partizan wa Serbia wanaitengeneza. Winchester na Hornady wa Marekani wanaitengeneza. Jeshi la anga la Marekani liliwahi hata kuwapa marubani wake bunduki za kukunjwa za kaliba hii, M4 na M6, ili ndege ikianguka porini rubani ajipatie kitoweo. Kaliba ya namna hiyo haifi upesi. Tatizo ni kwamba haifiki Mwanza.

Nilimuuliza mwenye duka kwa nini, akanijibu kwa uungwana, na majibu yake yana haki. Yeye huagiza kinachotoka: risasi za shotigani, za bastola, Long Rifle, na zile kubwa za kampuni za uwindaji. Kila mzigo una vibali vyake, usafiri wake, ghala lake la kufungwa. Hawezi kupitia yote hayo kwa ajili ya mzee mmoja wa Sengerema anayetaka kisanduku kimoja kwa mwaka. "Kama mngekuwa hata thelathini," akasema, "ningeagiza kesho. Lakini nitajuaje mko wangapi?"

Swali lake nimerudi nalo nyumbani, kwa sababu jibu lipo, ila halipo dukani. Liko polisi. Silaha iliyosajiliwa imeandikwa kaliba. Kwenye uhakiki tuliandikwa upya. Kwa maneno mengine, ipo ofisi ya serikali ambayo ikiamua inaweza kuhesabu ni bunduki ngapi za .22 Hornet ziko Mwanza, Geita, Mara, Kagera, Simiyu na Shinyanga. Na si Hornet peke yake. Naamini wapo wenye .222, wapo wenye kaliba za Kiingereza za tangu ukoloni, wanaohangaika kama mimi na kusikiliza mafundi wa nusu saa.

Ombi langu kwa wahusika ni hili. Wasitoe majina, wasitoe anwani, wasitoe hata wilaya kama wanaona si salama. Na kweli si salama, jambazi asijue nani ana nini. Watoe hesabu tu, kwa kanda: kaliba fulani, silaha kadhaa. Wawape wauzaji wenye leseni hiyo karatasi. Mfanyabiashara akiona kanda ina bunduki mia za kaliba moja na hakuna anayeuza risasi zake, huhitaji kumbembeleza. Ataagiza yeye mwenyewe, kihalali, kupitia mlango wa mbele, kila sanduku likiandikwa kwenye kitabu chake na kwenye leseni ya mnunuzi. Serikali nayo inapata faida, maana mtu anayepata risasi halali dukani hana haja ya kuuliza uliza vichochoroni, wala ya kugeuza silaha iliyosajiliwa kuwa kitu kingine.

Kwa mafundi waliosajiliwa nina neno moja, na nalisema kwa heshima kwa sababu kazi yenu naithamini. Mtu akikuletea bunduki ya kaliba usiyoizoea, usianze na chemba. Anza na bolti. Weka ganda la hiyo kaliba mpya kwenye uso wa bolti, kisha risasi ya mfano kwenye magazini. Vikikataa, mwambie mteja ukweli na umrudishie bunduki yake nzima. Mkifanya hivyo mtapoteza hela ya siku moja, basi.

Na kwa wenzangu wenye Hornet, kama mpo Ukerewe, Musoma, Bukoba au kokote kando ya ziwa hili: msikubali kukerezewa. Itunzeni kavu, hasa nyie wa visiwani, maana unyevu wa ziwa hula chuma. Mafuta kidogo ndani ya mtutu kila baada ya mvua, na kabla ya kupiga uyafute. Halafu nendeni kwa muuzaji mwenye leseni aliye karibu nanyi, kila mtu aandike oda yake kwa barua, ataje kaliba kwa ukamilifu, .22 Hornet, asiseme "ishirini na mbili" tu akaletewa vitu vingine, na aambatishe kivuli cha leseni. Mwenye uwezo alipe nusu mapema. Barua kumi zikiwa mezani kwa muuzaji zina uzito kuliko wazee kumi wanaopita dukani kila mmoja kwa siku yake kuuliza na kuondoka.

Yangu nimeshaipeleka. Nimeagiza visanduku viwili, vichwa vyenye ncha laini vya gramu 2.9, visizidi hapo, kwa sababu mistari ya ndani ya mtutu wangu inazunguka mara moja tu kwa kila inchi 16 na kichwa kirefu hakitulii. Muuzaji ameniambia nisubiri aone kama wengine watajitokeza.

Mkulima,
Sengerema, Mwanza.
(Jina na anwani tunavyo – Mhariri)